Ukurasa Aliousoma Mejumaa Mbele ya Wakaguzi

Harufu ya rangi ya mafuta iliyolainishwa kwa mafuta ya taa ndiyo iliyotawala nyumba yetu ya Bongwe msimu ule. Iliingia kwenye mito ya kulalia, kwenye unga wa chapati, hata kwenye nywele zetu. Baba aliporudi kutoka hoteli ya Diani alikofanya kazi ya ufundi wa mabomba, alisimama mlangoni akauliza kama leo tunakula wali au tunakula rangi. Barazani palikuwa pametandazwa mashuka makuukuu, pembe zake zimewekewa vifuu vya nazi yasipeperuke. Mama alichora herufi kubwa kwa kalamu ya risasi, kisha mimi na mdogo wangu Mejumaa tukazijaza kwa burashi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye tisa. Shuka la kwanza lilisema ASIYEFUNZWA NA MAMAYE HUFUNZWA NA ULIMWENGU. La pili, NYUMBA YETU SI OFISI. Yalikuwa ya kupeleka Msambweni, ambako maafisa wa elimu wangekuja kusikiliza maoni ya wazazi wanaowafunza watoto wao nyumbani.

Sisi hatukuwa tukienda shule. Mimi nilikuwa nimekwenda miaka minne, katika darasa lililojaa hata wengine wakakaa sakafuni, mpaka siku niliporudi na kiganja kilichovimba kwa fimbo kwa kosa la kusahau kufunika daftari kwa karatasi. Mama alikikanda kwa maji ya chumvi, na Jumatatu iliyofuata hakuniamsha. Alikuwa ameacha kazi ya mapokezi hotelini alipomzaa Mejumaa. Akajiona ana muda na ana akili, na vyote viwili vilikuwa kweli. Mejumaa hakuwahi kukaa kwenye dawati hata siku moja. Tulisomea mkekani, na sifichi kwamba ile ilikuwa miaka ya furaha. Tulijifunza hesabu kwa nazi zilizoangushwa, tukapima shamba la jirani kwa kamba yenye mafundo, na maji ya bahari yakitoka tulishuka pwani kuwataja wanyama wa mwambani kila mmoja kwa jina lake. Hakuna aliyetupiga.

Kisha ikaja rasimu ya kanuni. Serikali ilitaka kila mzazi anayemfunza mwanawe nyumbani ajiandikishe, awe na cheti cha ualimu, na atenge chumba chenye madawati. Kifungu cha mwisho kilisema mkaguzi atamwona kila mtoto peke yake mara mbili kwa mwaka, amsikilize akisoma na kuhesabu. Mama hakuwa na cheti, wala nyumba yetu ya vyumba viwili haikuwa na chumba cha kutenga. Familia za namna yetu kuanzia Ukunda mpaka Msambweni hazikuwa nyingi, na kabla ya hapo zilisalimiana kwa mbali tu: wengine waliwatoa watoto shuleni kwa ajili ya dini, hii au ile, wengine kwa ajili ya maradhi, wengine, kama Mama, kwa ajili ya fimbo. Rasimu iliwakutanisha. Aliyewaongoza alikuwa Mama Baraka, mke wa mchungaji, mtu wa bara aliyehamia Ukunda, mcheshi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. "Mama Mwanaisha," alimwambia Mama, akimwita kwa jina langu, "wewe uko na Kiswahili ya kitabu, andika barua. Mimi nitapiga kelele. Si kila mtu na kipaji chake?" Walipinga vifungu vyote kwa pamoja, bila kuchagua. Hilo nimelifikiria sana. Cheti na madawati yalistahili kupingwa, lakini kwa hasira ile kifungu cha mwisho kilikwenda pamoja na vingine, kama apepetaye kwa pupa akamwaga mchele pamoja na pumba.

Mama alitufunza kusoma kama alivyofunzwa yeye chuoni, yaani madrasa, kule Munje alikozaliwa. Mwalimu husoma, watoto hufuatisha, kisha kila mmoja husoma peke yake. Akikwama, mwalimu humwanzishia neno la kwanza, naye huendelea. Lakini chuoni mwalimu humrudisha mtoto kwenye herufi, akamwekea kijiti juu ya kila moja mpaka aitaje. Mama alichukua nusu ya mtindo ule, nusu tamu ya sauti, na nyingine akadhani itakuja yenyewe. Kwangu haikudhuru, kwa kuwa herufi nilikuwa nimetoka nazo shuleni, pamoja na kile kiganja. Mejumaa alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Akiusikia ukurasa mara mbili alikuwa nao. Alikishika kitabu mbele ya kifua, akapeleka kidole mstari kwa mstari, akafunua mahali pa kufunua, na sauti yake ilijua kupumzika kuliko ya Mama mwenyewe. Wageni walipokuja, yeye ndiye aliyeitwa asome. Katika watu wanaothamini kuhifadhi, nani angemshuku mtoto anayehifadhi vizuri?

Nililijua jambo lile siku ya mashuka. Tulikuwa tumemaliza kujaza herufi, na zake zilikuwa zimetulia kuliko zangu, kingo zimenyooka kama zilizokatwa kwa wembe. Mama akaita kutoka jikoni tumpelekee lile la ulimwengu alitazame. Mejumaa akayaangalia yote mawili, akaniinamia. "Dada, la ulimwengu ni lipi?" Nilicheka nikidhani anafanya mzaha. Yeye hakucheka. Nikachukua kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari nikampa asome. Akakishika vizuri, akaweka kidole, akangoja.

"Nianzishie," akasema.

Nikamwanzishia neno moja. Akangoja la pili. "Hiki sijakisikia bado," akasema, kama anayeeleza jambo linalojulikana na watu wote. Nilipomwambia kwamba kusoma si hivyo, kwamba mimi sikuwa nimekisikia kile kipande na bado ningeweza kukisoma, alinitazama kwa mashaka, halafu uso wake ukabadilika taratibu. Nikaelewa kwamba mpaka dakika ile alidhani sote tunafanya kama yeye. "Usimwambie Mama," akasema, na akarudi kuosha burashi.

Sikumwambia. Ningependa kuandika kwamba nilinyamaza kwa kumhurumia, lakini nilinyamaza kwa ajili ya mkono wangu. Siku zile mazungumzo yote nyumbani yalikuwa ya kikao cha Msambweni, na nilikuwa nimeyasikiliza vya kutosha kujua kwamba mtoto mmoja wa miaka tisa asiyejua kusoma angetosha kuwapa maafisa haki yao, nasi tungerudishwa kwenye darasa lile na fimbo ile. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Mimi niliona nikiyaficha kwa wiki mbili tu, mpaka kikao kipite, yatapona yenyewe. Mama naye alikuwa amekwisha kuamua. "Wanataka ushahidi?" alimwambia Mama Baraka. "Tutawapelekea ushahidi wenye miguu." Mejumaa ndiye angesoma mbele ya watu. Nilichofanya mimi ni kuhakikisha kitabu kinachochaguliwa ni kile cha kasa anayerudi ufuoni kutaga, ambacho mdogo wangu angeweza kukisema usingizini.

Ukumbi ulikuwa na joto, na mapanka ya darini yalizunguka bila kuleta upepo. Mashuka yetu yalitundikwa ukutani. Maafisa walikuwa watatu, na aliyekaa katikati alikuwa mwanamke wa makamo mwenye ushungi wa kijani na miwani iliyofungwa uzi. Wazazi walizungumza mmoja baada ya mwingine, wengine kwa adabu, wengine kwa ukali, naye aliandika yote bila kubadilisha uso. Kisha Mejumaa akaitwa. Alimwamkia shikamoo, akashika kitabu, akamsoma kasa yule tangu anatoka majini mpaka anafukia mayai. Mama alikuwa ameweka mikono mapajani kama aliye kwenye maulidi. Sijapata kumwona tena na uso ule.

"Mashaallah," akasema yule bibi. "Sauti nzuri. Sasa nisomee na hii, mwanangu." Akamkabidhi karatasi ya juu ya rasimu yenyewe.

Nilikuwa nimesimama kando yake kumshikia vitabu. Nikasogea, nikasoma mstari wa kwanza kwa sauti. Mejumaa akaufuatisha bila kukosa. Nikasoma wa pili. Akaufuatisha. Watu walidhani ndivyo tunavyosoma kwetu. "Wewe pumzika kidogo," yule bibi akaniambia kwa upole. "Aendelee mwenyewe." Mejumaa akaweka kidole kwenye karatasi, na niliona kucha ikiwa nyeupe kwa jinsi alivyokikaza. Ndipo nikasema, "Hayo ni maneno ya sheria, Bibi. Bado hatujayafikia." Kabla hajajibu, Mama Baraka akainuka nyuma. "Madam, hata sisi wazazi hayo maneno yametulemea, ndiyo maana tuko hapa." Ukumbi mzima ukacheka, mpaka maafisa wawili wa pembeni wakacheka. Yule bibi akatabasamu, akaichukua karatasi yake, akaikunja. Kikao kilipokwisha alipita karibu nami akauliza kama yule ni mdogo wangu. Nikasema ndiye. "Basi msaidie," akasema, akaenda zake. Nimekuwa na miaka mingi ya kujiuliza alijua kiasi gani.

Rasimu iliwekwa kando miezi michache baadaye, kwa sababu ambazo sina hakika zilituhusu. Sisi tulijihesabu washindi. Ulipikwa pilau kwa Mama Baraka, na kwa kuwa mcheza kwao hutunzwa, Mejumaa akatunzwa kitabu kipya cha hadithi, kinene, chenye picha ya simba juu. Alishukuru kwa mikono miwili na kukikumbatia njia nzima ya kurudi. Kesho yake nilikikuta chini ya godoro. Nilijaribu kumsaidia, kama nilivyoambiwa. Tulijificha nyuma ya banda la kuku kwa siku sita, mimi nikiwa mwalimu na kijiti changu. Lakini nilikuwa mtoto, na alipoisahau herufi ileile kwa mara ya nne nilimwita kasuku. Hakulia. Alijipangusa mchanga akaingia ndani, na tangu siku ile hakukubali tena nimfunze kitu chochote kilichoandikwa.

Mama alijua Mejumaa akiwa na miaka kumi na minne, siku miwani ya Mama mwenyewe ilipovunjika akamwomba binti yake amsomee barua iliyotoka kwa nduguye. Mejumaa alisema nianzishie, Mama akacheka, kisha akaacha kucheka. Alikaa kwenye kizingiti mpaka adhuhuri, barua mkononi. "Kumbe nilikuwa nikimfunza kuimba," alisema hatimaye, si kwa mtu yeyote. Alitafuta mwalimu Ukunda, na Mejumaa akakaa miezi miwili na watoto wa nusu ya umri wake, magoti yakigonga meza. Alitoka na jina lake na tarakimu. Yaliyobaki aliyakataa kwa heshima, kama mtu anavyokataa chakula nyumba ya ugeni. Mama hakuniuliza kama mimi nilijua, nami sikumwambia. Ameshazeeka sasa, na nadhani sitamwambia.

Mwezi uliopita nilipata ujumbe wa Mama Baraka kwenye simu yangu, hapa Mombasa ninakoishi. Kuna rasimu mpya, na familia za Diani na Ukunda zimeamka tena. Siku hizi hakuna mashuka wala harufu ya rangi. Kuna makundi ya simu, na hasira inayosafiri haraka kuliko wakati ule. "Andika vile mlisoma nyumbani na mkafaulu," aliniandikia, "wewe na yule mdogo wako wa sauti." Niliisoma rasimu yote. Cheti hakimo, madawati hayamo. Mambo tuliyoyapinga kwa haki yameondolewa, na kilichobaki karibu ni kile kifungu cha mwisho peke yake. Watoto wanaosomea nyumbani leo wana vitabu na video ambazo Mama asingeziota, na wengi wao, naamini, watanishinda kwa mbali. Nami siwezi kuandika kwamba shule iliyonivimbisha mkono ingemwokoa Mejumaa. Ingeweza kumpoteza kwa namna nyingine, na fimbo juu yake. Ninachokijua ni kwamba palikuwa na mtu mmoja aliyemuuliza swali la kweli, na mimi nikalijibu badala yake.

Sikumjibu Mama Baraka. Nilikwenda Ukunda asubuhi moja, kwenye kibanda ambako Mejumaa anauza mahamri na mbaazi, nikakaa kwenye benchi lake nikamsomea rasimu kutoka mwanzo. Alisikiliza huku akisukuma unga. Nilipofika kwenye kile kifungu akasema, "Rudia hapo." Nikarudia: mkaguzi atamwona kila mtoto peke yake.

"Mama alitupenda," akasema. "Lakini yule bibi angenipata."

Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyemzuia. "Najua, Dada. Nilikuwapo," akasema, bila ukali. Akapangusa mikono kwenye leso, akainama juu ya karatasi, akaniuliza "peke yake" ni maneno gani kati ya yale. Nikamwonyesha. Aliweka kidole chake chenye unga chini yake akayatazama kwa muda. Kisha mteja akagonga sahani akitaka mahamri manne, naye akaenda kumhudumia.