Kahawa Mbili Ndani ya Gunia Moja

Kwetu Kanoni, na Bugene, na hata huko Kyerwa, mvua ikikukuta njiani ukaona kahawa imeanikwa kwenye uwanja wa mtu, huulizi ni ya nani. Unaingia, unaianua. Mwenyewe awepo, asiwepo, kahawa kwanza, salamu baadaye. Mimi nimeanua kahawa za watu nisiowajua tangu nikiwa msichana, na yangu imeanuliwa na watu ambao mpaka leo sijui walikuwa wanakwenda wapi. Ukirudi nyumbani unakuta magunia yako chini ya paa na nyayo za matope kibarazani, basi.

Kwa hiyo siku ile sikungoja kuambiwa, na ndiyo maana niliharibu.

Ilikuwa mwaka juzi, asubuhi. Nilikuwa natoka Kanoni kwa bodaboda, nikapandie basi dogo Bugene, niende Rubwera kumwona mjukuu wangu aliyejifungua. Mkungu wangu wa ndizi ulikuwa umefungwa nyuma yangu kwa kamba ya mpira. Dereva alikuwa mtu mzima, ndevu zina mvi, wazazi wake walitoka Burundi zamani. Jina lake ninalo, na ya wengine wote wa siku ile ninayo, ya ubatizo na ya ukoo, lakini mama mwenye nyumba aliniomba nisiyataje, nami nikamkubalia.

Hatujafika Bugene, mbingu ikawa nyeusi, mvua ya kiangazi isiyo na adabu. Pembeni ya barabara nikaona nyumba ya bati, mlango umefungwa kwa kufuli, na uwanjani turubai zima la kahawa.

"Simama, baba!" nikamwambia dereva.

"Bibi, basi litatuacha."

"Likituacha kuna jingine. Simama."

Tukaingia mbio. Yeye akashika turubai upande ule, mimi upande huu, tukamimina kwenye gunia tulilolikuta hapo. Karibu na ukuta wa jiko palikuwa na mkeka mdogo, nao una kahawa, kama ungo mmoja hivi.

"Na hii?" akauliza.

"Tia yote! Kahawa si kahawa?"

Akatia. Tukaingia jikoni, ambako hakuna mlango, tukakaa kwenye vigoda tukicheka, maji yanatutoka kwenye nguo. Nilijiona mtu mwema sana.

Baada ya muda kidogo akaingia mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, amejifunika nailoni kichwani, mkononi ana mfuko wa mchele. Akashtuka kutuona.

"Wapita njia, mama," nikasema haraka. "Tumekuanulia kahawa."

"Oo, waitu, jamani!" Akapiga magoti kabisa. "Shikamoo mama. Mungu awabariki. Nilikuwa nakimbia huku nalia." Halafu akatazama ukutani. "Na ile ya kwenye mkeka mmeiweka wapi?"

"Imo humo humo," dereva akasema, akalipiga gunia kofi.

Mama yule akakaa chini. Hakukaa kwenye kigoda, alikaa sakafuni.

"Ile niliichemsha," akasema.

Hapo nikaelewa, nikatamani mvua inibebe. Kahawa ya kuuza tunaianika kama ilivyotoka mtini. Lakini ya wageni, ile ya kutafuna, unaichuma ingali ya kijani, unaichemsha na majani ya mchaichai, ndipo unaianika. Mgeni wa heshima hapewi kitu kingine kwanza. Na sasa kahawa yake ya wageni, ungo mmoja, ilikuwa imezama kwenye gunia la kahawa mbichi, na zote zimelowa, zote nyeusi.

"Wageni wanakuja lini?" nikamuuliza.

"Leo saa tisa. Watu wa Rubwera. Wanakuja kumposa binti yangu."

Dereva akakohoa. "Si tununue nyingine dukani, mama? Bugene ipo."

Akamtazama kama amemtukana. "Ya dukani? Waje kuoa kwangu nimpe baba mkubwa wa kijana kahawa ya dukani? Mwenyewe nasikia ni mtu wa kuangalia kila kitu. Huko nyuma aliondoka kwenye nyumba ya watu eti kwa sababu walimkaribisha kwa soda. Atasema binti katoka kwenye nyumba isiyojua kuchemsha kahawa. Na baba yake hayupo wa kunitetea, nilimzika."

Nikavua viatu. "Saa ngapi sasa?"

"Saa nne na nusu," akasema dereva.

"Basi hatuchagui gunia zima. Tunatafuta ya kujaza kikapu kimoja tu. Washa moto."

Kahawa iliyolowa huwezi kuijua kwa macho. Tukawa tunaweka konzi konzi kwenye ungo karibu na moto, zikipata joto tunanusa moja moja. Yenye mchaichai inakwenda kwenye kikapu, isiyo na kitu inarudi guniani. Nikiwa na wasiwasi naing'ata. Nina meno machache, lakini yaliyobaki yanafanya kazi.

"Bibi, usiyamalize," dereva akasema. "Posho ya posa bado haijaliwa."

"Wewe nusa. Nani alitia?"

"Nani alisema kahawa si kahawa?"

Mama mwenye nyumba akacheka bila kupenda. Simu ya dereva ikawa inalia kila mara, wateja wake. "Niko njiani, nakaribia," anawaambia, na kahawa iko puani.

Saa sita akaja binti mwenyewe. Alikuwa saluni, umeme ukakatika, kichwa upande mmoja kimesukwa, upande mwingine kimesimama kama kimeona nyoka. Mama yake akamweleza yote, bila kuficha. Nikainamisha uso. Nilijua ningekuwa mimi, siku ya kuposwa kwangu, ningesema maneno. Yule mtoto akafunga kilemba, akaniamkia, akachukua ungo wa pili.

"Bibi, umekula?" ndilo alilouliza.

Nikamwambia dereva afungue ule mkungu wangu, aupeleke ukamenywe. Rubwera ningefika mikono mitupu, mjukuu wangu angenisamehe. Wakapika ndizi na maharage, huku tunanusa. Saa nane na nusu kikapu, kile kidogo chenye mfuniko, kikawa kimejaa mpaka ukingoni.

"Mama, sasa wewe ndiye utakayekipitisha," akaniambia mwenye nyumba.

"Mimi? Mna shangazi zenu."

"Shangazi yao mvua imemzuia. Halafu ikitokea mbichi, itokee mkononi mwako." Akanifunga kanga yake mpya maana yangu ilikuwa tope tupu. Dereva naye akakalishwa upande wa wajomba, kwa kuwa waliofika walikuwa wachache. Nakuambia, alizungumza siku ile kuliko wajomba wote.

Wakaja saa tisa kamili, gari moja, watu saba. Yule baba mkubwa alikuwa mrefu, koti limepigwa pasi, fimbo mkononi. Akatazama paa, akatazama viti, akatazama mpaka miguu yangu. Zikaisha salamu. Nikapiga magoti mbele yake, nikafungua mfuniko.

Akachukua moja, akatia mdomoni, akang'ata.

Kak.

Kahawa iliyochemshwa hailii hivyo. Mimi nilijua, na mama wa binti kule mlangoni alijua, nikaona anashika mwimo. Mzee akanitazama. Nami nikamtazama, nimeshikilia kikapu. Watu wote wanamngoja yeye. Akatafuna. Uchungu ule naujua, unakausha ulimi mpaka kooni. Akatafuna taratibu, akameza.

"Kahawa ya nyumba hii ni nzuri," akasema kwa sauti ya wote kusikia. Akanyoosha mkono tena, akachukua ya pili. Hiyo ya pili niliona uso wake unalegea, nikajua hiyo ni ya mchaichai. Nikapitisha kwa wengine, na ukumbini haikusikika kak nyingine.

Mazungumzo yakaenda vizuri, wakala, wakanywa, binti akaitwa, akasema ndiyo anawajua wageni. Vigelegele nilivyopiga vilinikausha koo.

Walipokuwa wanaaga nikamsogelea mzee kwenye gari. "Baba, ile ya kwanza."

"Mbichi kabisa," akasema kwa sauti ya chini. "Jino bado linaniuma."

"Mbona hukusema?"

"Nilimwona yule mama pale mlangoni. Ningesema, ningeondoka na nini? Na wewe ni shangazi wa upande gani, wa baba au wa mama?"

"Mimi ni mpita njia. Ndimi niliyezichanganya."

Nikamweleza. Alicheka mpaka akaegemea gari, wenzake wakauliza kuna nini, akakataa kuwaambia. Akaniuliza naelekea wapi. Nikasema Rubwera, na basi liliniacha tangu asubuhi.

"Basi panda. Utakaa na wanawake nyuma."

Dereva wangu akanipungia mkono kutoka kwa wajomba, ameshika sahani ya ndizi.

Hatujamaliza mteremko, shangazi wa kijana akaniinamia. "Sasa mama, wewe mtu wa nyumba ile, tuambie ukweli tukiwa wenyewe. Huyo binti hana hasira? Maana sura nzuri tumeiona."

Mbele, mzee akatulia, akageuza sikio.

Nilikuwa nimemjua kwa saa chache tu. Lakini nikawasimulia tangu mvua ilipoanza, na nywele za upande mmoja, na alichoniuliza siku niliyomharibia. Yule shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akamgonga mzee begani.

"Kumbe ile kak ilikuwa ya kahawa! Nami nilidhani ni goti lako."