Sare ya Mteja Asiyerudi

Neno "mnufaika" lisitamkwe kwenye baraza langu. Nimeshamfukuza mteja kwa ajili yake na nitamfukuza mwingine. Mimi, Dorcas, ni fundi cherehani hapa Mirongo, na baraza nagawana na Amondi, binti aliyetoka Rorya ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wangu. Habari hii ni yake, lakini hasira tumegawana kama tunavyogawana kodi.

Amondi alipokuwa mdogo huko kwao kando ya ziwa, aliitwa mbele ya mlingoti wa bendera, shule nzima ikimtazama, akakabidhiwa sare na wageni. Akaambiwa atabasamu, apigwe picha. Picha ikabandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na tangu siku hiyo wenzake wakamwita Msaada. Hakusahau. Alipoanza kujitegemea, hata kitanda hajanunua, akajiwekea lengo: kila Januari atamvalisha mtoto mmoja sare mpya, mwaka hadi mwaka, mpaka macho yamshinde kutunga uzi kwenye sindano. Kitambaa kizuri, si makapi. Na mtoto asijue kwamba amesaidiwa.

"Mwanamume atakayenizuia hilo, mama, asihangaike kuleta posa," aliniambia.

Njia yake ilikuwa ya kifundi. Kila fundi ana nguo zilizoachwa na wateja wasiorudi, zinaning'inia ukutani mpaka zinashika vumbi. Mzazi akiuliza bei ya sare kisha akasema "tutarudi", Amondi anajua harudi. Anampima mtoto kwa macho, anashona, halafu siku mzazi akipita anamwita kwa kulalamika: "Mama, hii sare mwenyewe kaitelekeza, inanijazia nafasi. Hebu mjaribishe mwanao, nami nipumue." Mzazi anaichukua huku akimpa pole fundi! Kazi yangu mimi ilikuwa kuitikia, "Wateja wa siku hizi bwana, hawana haya."

Januari ya mwaka jana mtoto alikuwa Maulida, binti wa Mwanaharusi, mjane anayekaanga maandazi kwenye kona yetu. Mwanaharusi hajawahi kuomba hata chumvi kwa jirani. Sare aliichukua akiwalaani wateja wasio na adabu, na kesho yake akatuletea maandazi ya moto kutufariji.

Ikaja semina ya vijana wa mtaa. Mada ilikuwa malengo ya maisha, na kila kijana alitakiwa kusimama aseme atatoa nini kwa jamii yake mpaka uzeeni. Amondi akasimama. Angesema tu atashona, akaketi, yangeisha. Lakini mwezeshaji akadai mfano hai, na mtoto wa watu kwa uaminifu wake akautaja: Maulida wa mama maandazi. Nilipomsikia akinisimulia nilishika kichwa. Kwetu huwezi kutamka nia bila kuundiwa kamati! Kabla semina haijafungwa, Revocatus, mwenyekiti wa kikundi cha hao vijana, alikuwa ameshaunda kamati ya sare, kamati ya fulana na kamati ya chakula.

Siku ya kilele cha semina wakafunga turubai na spika, mgeni rasmi akaketi kwenye kiti chenye kitambaa. Na pilau, wasiojua aibu wale, walimpa Mwanaharusi apike. Alikuwa nyuma ya turubai, mwiko mkononi, spika ilipolia: "Tumpigie makofi mnufaika wetu wa kwanza, Maulida! Mama yake alishindwa kumnunulia sare, dada yetu Amondi akamwonea huruma!"

Mtoto akasukumwa jukwaani. Watu wakapiga makofi. Mpiga picha akamwambia atabasamu.

Amondi alikuwa pembeni yangu. Alisimama, akaanza kupenya watu kuelekea mbele. Aliyefika jukwaani ni Mwanaharusi, na mwiko wake ukidondosha mafuta. Hakumwangalia mgeni rasmi wala Revocatus. Alimshika mwanawe mkono, akashuka naye, akapita katikati ya watu akaenda zake. Pilau likaungua. Nafurahi liliungua.

Jumatatu asubuhi akaja barazani na sare, imefuliwa na kupigwa pasi. Akaitundika mwenyewe kwenye msumari.

"Shikamoo mama," Amondi akasema, machozi yanamtoka.

"Mteja wako akirudi mpe nguo yake."

"Mama, sikuwaambia wakutangaze. Naapa."

"Uliwaambia jina la mwanangu, fundi."

Akaondoka. Maulida akamaliza mwaka na sketi ya zamani iliyoongezwa pindo la rangi nyingine, na sisi tukimwona kila asubuhi akipita. Amondi alimfuata Revocatus akamfokea mpaka majirani wakatoka nje. Unajua alijibu nini? "Dada, sisi tumekupa jina!" Ningekuwa na mkasi mkononi siku ile sijui.

Sare ikabaki ukutani. Wanunuzi walipoiulizia, Amondi alisema ina mwenyewe. Januari ya mwaka huu ilipoingia hakununua kitambaa. "Nimeacha, mama," akaniambia. "Ninaowagusa wanaumia." Nilimgombeza, nikambembeleza, akaendelea kukanyaga cherehani yake.

Basi akaja mwanamke mgeni, Paskazia, ndiyo kwanza amehamia kutoka Misungwi, na binti mdogo. Akauliza bei ya sare. Akaambiwa. Akashika mkono wa mtoto.

"Haya, tutarudi," akasema.

Nikamtazama Amondi. Akatazama ile sare, akainamisha kichwa. Haikuwa yake kuitoa, na aliyekuwa na haki nayo alikuwa amesimama pale pale na ndoo ya maandazi, akisubiri hela ya maandazi yangu ya chai. Mwanaharusi aliweka ndoo chini.

"We fundi, nguo yangu bado inaning'inia hapo?" akasema kwa ukali. "Nilimshoneshea binti yangu, akarefuka kabla hajaivaa. Nikiiona roho inaniuma. Dada, hebu mjaribishe huyo mtoto, nisiione tena."

"Jamani, pole, dada," Paskazia akamwambia.

"Mafundi wa siku hizi," Mwanaharusi akasema, "hawajui kupima."

Ilimkaa mtoto vizuri, na pindo la kuongezea likabaki. Walipokwenda, Amondi akainuka ashukuru. Mwanaharusi akamnyooshea kidole.

"Usinishukuru. Sijakusamehe."

"Najua, mama."

"Nenda kanunue kitambaa, mwezi haujaisha. Na hao wenye spika wakikuuliza ulimshonea nani, mteja ni mimi."

Akabeba ndoo yake, akasahau kuchukua hela ya maandazi yangu.