Hakukosi Boma

Vijana wanaokuja saibani, duka langu la intaneti pale Langas, kucheza michezo ya kompyuta nilikuwa nawaona wajinga. Mtu ana mikono miwili na miguu miwili, anakaa kutwa kupiga risasi vivuli, na nje kuna mitaro ya kuzibua. Nilikuwa nawaambia hivyo hivyo, kwa mdomo wangu huu ambao mama anasema ndio ulionikosesha mume. Kwa hiyo nikieleza kwamba mwaka jana msimu wote wa baridi nilicheza mchezo wa mtu aliyepotea kwenye theluji, kila jioni baada ya chakula, na mama amekaa kando yangu na shuka mabegani, naomba mtu asidhani tulikuwa tunajiburudisha.

Ndugu yangu, kitinda mimba wetu, alikwenda nchi ya ng'ambo yenye theluji kufanya kazi ya kutunza wazee. Alikaa huko vizuri, akituma picha za viatu vyake vikiwa vimezama kwenye weupe na kutucheka sisi tunaolia baridi ya Julai. Halafu gari lake likakutwa kando ya barabara ya msituni. Milango ilikuwa imefungwa vizuri, mkoba wake uko kwenye kiti, mwenyewe hayupo. Nyayo zilitoka garini zikaenda mbele, kisha theluji ikazifunika. Walimtafuta kwa mbwa na helikopta. Theluji ilipoyeyuka wakamtafuta tena, wakapata glavu moja.

Mama mmoja polisi wa huko alitupigia simu akatueleza polepole, kama mtu anayeongea na watoto. Alisema kwao kila mtu hufundishwa kwamba gari likikwama kwenye dhoruba unabaki ndani mpaka ufikiwe. Hakuelewa kwa nini ndugu yangu alitoka. Alisema pia kwamba simu ya mwisho ndugu yangu alimpigia mama yetu. Nilipomuuliza mama, alisema alimsalimia tu, kisha mtandao ukakatika.

Kwetu, mtu akifa na mwili usionekane, hukatwa shina la mgomba, likavishwa nguo zake, likawekwa kwenye jeneza na kuzikwa kama yeye. Bila hivyo mambo ya nyumba yote husimama. Shamba haligawanywi, harusi haiombwi, hata pale kanisani mchungaji alikuwa akifika kwenye jina la ndugu yangu anakohoa, kwa sababu hakujua amweke kwenye maombi ya wasafiri au ya marehemu. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, alikuja kutoka Turbo na wazee wawili kulizungumza jambo hilo. Mama aliwapikia chai ya maziwa mengi, akawakatia mkate, akawasikiliza hadi mwisho.

"Mzee," akamwambia baba mkubwa, "umeona maiti?"

"Sijaona, Mama."

"Basi mgomba wangu usiguswe. Siwezi zika mtoto mzima."

Walikunywa chai wakaondoka. Mimi nilikasirika, na hasira yangu haikuwa kwa wazee. Nilikuwa nimechoka kulia nusu nusu. Nilitaka nilie mara moja nimalize, nimweke ndugu yangu mahali nitakapoweza kwenda kung'oa magugu. Lakini mama kila asubuhi alikuwa anatoka hadi kwenye lami hapa Cheptiret kusimama kidogo akitazama magari ya kutoka Nakuru. Akirudi ananiambia ametoka kuota jua, na jua halipo.

Mchezo wenyewe niliuona saibani kwa bahati mbaya. Kijana mmoja alikuwa anaucheza, nami nikapita nyuma yake kwenda kuchukua karatasi za printa. Kwenye kioo kulikuwa na barabara, theluji, na gari limeachwa kando na mlango mmoja wazi. Nilisimama pale hadi kijana akageuka akaniuliza, "Madam, uko poa?" Jioni hiyo nilibeba mashine moja nikaipeleka nyumbani. Nilitaka kuona alichokiona ndugu yangu aliposhuka. Sikuwa na nia nyingine.

Mama alinikuta nayo mezani. "Hapo ni wapi?"

"Ni mchezo tu, mama."

"Na huko kunakaa hivyo?"

"Karibu hivyo."

Akavuta kiti.

Nilianza na kiwango rahisi. Yule mtu wetu aliishi raha mustarehe. Kila kabati lilikuwa na mkebe wa maharagwe, mbwa mwitu walimkimbia, na akilala analala hadi asubuhi anaamka na nguvu. Mama alifurahi jioni mbili tatu, kisha nikaona ameanza kukaza macho. Amelima nyanda hizi za juu tangu ujana wake, na mvua ya mawe imemlazia mahindi mara nyingi kiasi kwamba hadanganyiki kuhusu baridi.

"Huyu hasikii baridi," akasema. "Hii imelegezwa."

Nikamweleza kwamba viko viwango, na cha mwisho ni kibaya sana. Ukifa umekufa, mchezo unafuta kila kitu ulichofanya, hakuna kurudia pale ulipoachia.

"Weka hiyo ya mwisho. Mtoto wangu hakulegezewa."

Nikaiweka. Watu wetu wa kwanza walikufa mmoja baada ya mwingine, wengine kabla chai haijapoa. Kwenye kiwango kile unaanza na nguo nyepesi za mtu aliyekuwa akienda dukani. Bunduki hakuna. Makabati ni matupu. Viberiti ni vichache, na upepo ukigeuka unazima moto uliouwasha kwa kile cha mwisho. Pembeni ya kioo kuna alama za joto, uchovu, kiu na njaa, na mtu akiumia haponi kwa kulala tu. Nilikuwa natukana mashine kwa maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyasikia, na mama, ambaye ni mzee wa kanisa, alikuwa ananiambia nianze tena.

Ndiye aliyenifundisha. Mimi nilikuwa namkimbiza mtu kila upande. Mama akasema mtu wa baridi hakimbii, jasho litamgandia. Alisema moto uwashwe nyuma ya mwamba. Alisema kuni zikusanywe kabla hazijahitajika, kwa sababu kuni zinazotafutwa usiku umeshaingia hazipatikani, na hilo lilikuwa kweli kwenye mchezo kama lilivyo kweli nyuma ya jikoni letu. Alitaka mtu anywe kitu cha moto kila mara. Mtu alipokula nyama mbichi kwa njaa, mama aliondoka mezani akaenda kulala bila kuniaga.

Kuna mmoja aliyedumu. Sijui tulimfikishaje pale, ila majuma yalipita naye bado anapumua, kwenye pango lenye mlango mwembamba, na ngozi ya paa aliyoikausha mwenyewe. Mama alimwita "huyu wetu". Asubuhi kabla hajauliza kama ng'ombe amekamuliwa, aliniuliza huyu wetu ameamkaje, ingawa mashine ilikuwa imezimwa na alijua imezimwa. Aliwasimulia akina mama wa kanisa jinsi kijana anavyopambana kwenye theluji, nao, kwa kuwa hakuwaeleza vizuri, wakamwombea kwa nguvu Jumapili mbili mfululizo. Hakuna aliyewasahihisha. Mimi nilitazama sakafu.

Baba mkubwa akapata habari akanipigia simu. "Mwalimu gani alikufunza kuchezesha mamako na mapicha? Zima hiyo kitu. Unamfanya angoje."

Alikuwa sahihi, na nilimchukia kwa hilo. Kila jioni huyu wetu alipofika kesho, mama alipata sababu nyingine ya kusema inawezekana. Kama huyu asiye na koti la maana anaweza, kwa nini yule mwenye koti asiweze? Hakusema hivyo kwa mdomo, lakini nilisikia. Na mimi, badala ya kuzima, nilizidi kucheza kwa uangalifu, kwa sababu niliogopa uso wake siku huyu atakapokufa mikononi mwangu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili alasiri, tumetoka kanisani, mvua ya mawe inapiga mabati hadi tunaongea kwa kupaza sauti. Chakula pangoni kilikuwa kimeisha, kwa hiyo nilimtoa huyu wetu kwenda kutafuta. Njiani dhoruba ikamkuta. Hakikuonekana kitu hatua tano mbele. Kwa bahati kulikuwa na gari bovu kando ya barabara, nikamfungulia mlango nikamwingiza. Ndani ya gari upepo haumpigi. Joto lilishuka, lakini polepole, na nilijua mchezo ule kufikia hapo: dhoruba ingepita, naye angekuwa dhaifu lakini hai.

"Atoke," mama akasema.

Nilidhani sikusikia kwa sababu ya mvua.

"Atoke kwa gari, atembee. Atangoja nini hapo?"

"Angoje upepo upungue, mama. Ndani ni salama."

"Gari ni chuma. Chuma ni baridi. Atembee, hakukosi boma."

Hapa kwetu ni kweli. Gari likikuharibikia kati ya hapa na Turbo, au popote kwenye lami hii, unafunga milango, unatembea kidogo, unaona moshi wa jikoni la mtu. Unabisha hodi, unapewa kiti na chai, na vijana wanatoka kukusukumia gari. Anayekaa ndani ya gari usiku ndiye mwenye kuibiwa. Tumekua hivyo sote. Lakini nilikuwa naijua ramani ya mahali pale, na nyumba ya karibu ilikuwa ng'ambo ya daraja, mbali, kwenye upepo wa uso.

"Mama, hakuna boma hapo."

"Kila mahali kuna boma."

"Yule polisi alisema mtu abaki ndani ya gari."

"Nimesema umtoe," akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayetazama mchezo.

Nikamtoa. Nilimtoa kwa hasira, nikisema moyoni basi aone, na hasira hiyo iliisha mara tu mlango ulipofunguka, kwa sababu nilitaka kumrudisha na gari halikuonekana tena. Nilimgeuza huku na huku. Kila upande ulikuwa mweupe. Nikaamua kufuata mteremko, kwa kuwa daraja lilikuwa chini, na mama akawa ananiongoza, kwenda mbele, kidogo tu mbele, angalia moshi, huoni taa? Alikuwa ameushika mkono wa kiti changu. Alama ya joto ikaisha. Huyu wetu akaanza kuyumba, pumzi yake inasikika zaidi kwenye spika ndogo ile kuliko mvua ya mawe juu ya mabati. Nilijaribu kuwasha moto kwa kiberiti cha mwisho na upepo ukauchukua. Alipiga magoti. Kioo kikafifia taratibu, maneno machache yakaandikwa, kisha tukarudi mahali pa kuanza, pasipokuwa na jina lake wala pango lake.

Mvua ilikuwa imepungua. Nikangoja mama aseme nianze tena.

"Aliumia?" akauliza.

Nilikuwa nimesoma mambo hayo usiku mwingi, kwa ajili ya ndugu yangu. "Wanasema mwishoni baridi haisikiki. Mtu husikia joto, kisha usingizi."

Akatikisa kichwa. Akakunja shuka lake mara mbili, akalipanga kwenye magoti.

"Alinipigia akiwa kwa gari," akasema. "Akaniambia, mama, gari imekwama, hakuna mtu anapita. Nikamwambia nini? Nikamwambia asikae hapo kama mwizi, atoke atembee, hakukosi boma. Akasema, sawa mama."

Nilimwambia hangeweza kujua. Nilimwambia sote tungemwambia hivyo hivyo, hata mimi, na ni kweli ningemwambia. Alinyanyua kiganja kunikatiza. Hakutaka kusamehewa na mimi. Nilielewa basi kwamba majuma yote yale hakuwa akitafuta kama mwanawe yu hai. Alitaka aone mtu mmoja tu, kwenye theluji isiyolegezwa, akitoka garini na kufika kwenye nyumba ya watu.

"Pigia baba yako mkubwa," akasema. "Mwambie aje na panga."

Alikuja keshoye na pikapu, peke yake, na hakusema lolote la kutuonyesha kwamba alikuwa sahihi. Nampa heshima yake kwa hilo. Migomba yetu iko nyuma ya jikoni, pale tunapomwaga maji ya vyombo, na kwa baridi ya huku haikui sana. Alizunguka akachagua ulionenepa, akaukata, akausafisha majani, akaulaza kwenye gunia. Mama akatoka ndani na suti ya ndugu yangu ya kumaliza chuo, ameipiga pasi. Akachutama, akailaza suruali juu ya shina, kuanzia pale alipokadiria kiuno. Miguu ya suruali ikapita mwisho wa shina ikalala kwenye matope.

"Huu mfupi," akasema.

"Ni ishara tu, Mama," baba mkubwa akasema kwa upole. "Tutaikunja."

"Hapana. Alikuwa anainama kupita huu mlango." Aliinuka, akaweka mkono juu kwenye fremu ya mlango wa jikoni, akausogeza kidogo, akaubakisha hapo. "Hapa. Nenda Turbo, huko kuna joto. Utafute wa kufika hapa."

Baba mkubwa alitazama mkono ule. Akavunja kijiti kirefu kwenye ua, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye vidole vya mama, akakikata kwa panga, akaingia nacho kwenye pikapu.