Ngozi Yenye Ziwa

Mtawa mchora ramani ya dunia wa monasteri yetu hupima kila kitu kwa kidole gumba: mkate, jibini, hata tumbo langu ninapompelekea ngozi za ndama za kuandikia. Gumba ni jeusi kwa wino, naye hulilamba kabla ya kupima, basi na ulimi nao mweusi. Mwenyewe hajavuka hata mto, ila msafiri hapiti hapa bila kuulizwa jua la huko alikotoka huzama wapi.

Wakati wa mavuno nilimpelekea ngozi iliyotobolewa na nzi. Akachungulia, jicho likanitazama kupitia tundu.

“Colgu, hii imetoboka.”

“Hilo ni ziwa, Baba. Dunia isiyo na ziwa nani ataiamini?”

Akacheka kicheko chake cha bata, akaichukua kwa bei ya ngozi nzima.

Niliporudi, dunia ilishachorwa juu ya ngozi ile, kutoka Roma mpaka kwenye barafu ya kaskazini. Kisiwa chetu, chenye ng'ombe wangu wote, sikukiona.

“Vipimo ni vipimo, mwanangu. Mmeangukia ziwani mwako.” Akalamba gumba. “Niletee ngozi nzima, nichore upya. Nitawasogeza kusini kidogo, mpate jua.”

Nikamuuliza kutusogeza mpaka kusini penye zabibu ni ngozi ngapi.