Maji ya Moto Nyumbani kwa Mkwe

Mama alipojimwagia sufuria ya maji yaliyokuwa yakitokota, mimi ndiye niliyekosa usingizi. Yeye alilala vizuri. Aliniambia kwa simu siku ya tatu baada ya kuungua, kama mtu anayetaja kwamba kuku ametaga: vidole vilikataa kushika, sufuria ikateleza, paja likaungua kidogo, amepaka asali. Nilikuwa kazini, shuleni ninakofundisha hapa Kitale, chaki bado iko mkononi. Nikatoka darasani nikasimama katikati ya uwanja bila kujua nimefuata nini huko.

Mama anaishi peke yake kijijini, Bumula. Ana baridi yabisi ya vidole na magoti, na daktari alimwambia aoge maji ya moto asubuhi na jioni, tena asiharakishe, ayaache yaingie mifupani. Kwa hiyo dawa yenyewe ndiyo iliyomchoma. Kuni atafute yeye, moto awashe yeye, sufuria aiepue yeye, na vidole hivyo hivyo vilivyokunjamana. Mara mbili nilimpelekea msichana wa kumsaidia, na mara mbili akamrudisha, ati hawezi kulisha mtu wa kuja kumtazama akioga.

Basi nikaamua. Mama angehamia kwangu, na kwangu pangekuwa na maji ya moto yanayotoka kwenye mfereji bila mtu kuinua kitu. Mimi ni mtu wa kuamua, nakiri. Mume wangu, ambaye wazazi wake walihamia huku Trans-Nzoia kutoka Murang'a na ambaye hupima kila kitu mara mbili, husema mimi hukata kitambaa kabla ya kumpima mvaaji. Huwa namjibu kwamba yeye hupima mpaka mvaaji anazeeka.

Nikaingia duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja Kalasinga mwenye kilemba, mzaliwa wa Kitale, na baba yake pia alizaliwa hapa hapa. Nikamwambia nataka ile hita ya jua inayokaa juu ya paa.

"Ya jua ni nzuri, Mama," akasema. "Lakini mwezi wa saba hapa Kitale, jua iko wapi?"

Mwezi wa saba hapa hata nguo za watoto hukaukia juu ya jiko. Akanipeleka nyuma ya duka, akanionyesha sanduku la chuma lenye feni kubwa, na kando yake tangi jeupe linalonifikia kifuani. Akasema inaitwa pampu ya joto.

"Unajua friji vile inatoa joto kule nyuma? Hii ni kazi hiyo hiyo, lakini joto inapeleka kwa maji. Hata hewa ya baridi iko na joto ndani yake."

"Hata hewa ya Kitale?"

"Hata ya Kitale. Na stima inakula kidogo tu, si kama hita zile zingine."

Kisha akataja bei, nami nikakaa juu ya ndoo ya rangi. Ilikuwa bei ya mtamba mmoja mwenye mimba, wa kuchaguliwa, na kitu juu yake. Mitamba nilikuwa nao wawili, basi. Niliwalea mwenyewe tangu wakiwa ndama.

"Na sikia, Mama," mzee akaongeza. "Hiyo ni bei ya mashine. Kufunga ni bei ingine. Watu wanasahau hapo." Akanitazama kidogo. "Mwenye atatumia, amekuja kuiona?"

"Mama yangu hahitaji kuona mashine," nikamwambia. "Anahitaji kuoga."

Siku ya soko la Chwele ndugu yangu akauza kwa niaba yangu mtamba wa kwanza. Mashine ikaja, na baada ya mashine akaja fundi. Alikuwa mtu mzima, mkimya, mwenye adabu, na nilikuja kulichukia neno lake moja: "kidogo." Kila asubuhi alikuwa na kitu kidogo. Kidogo tu, Madam, tunahitaji sakafu ya simiti, mashine isikae kwa udongo. Kidogo tu, tangi la maji baridi lipandishwe juu, la sivyo maji hayatakuwa na nguvu. Mabomba ya maji ya moto si kama haya ya baridi, ni mengine. Waya mnene kutoka kwa mita, na swichi yake peke yake. Nilikuwa nikikimbia nyumbani wakati wa mapumziko kuangalia wamefika wapi, narudi darasani nikihema, jioni nasimama tena pale nikiwazuia kufanya kazi. Kufikia mwisho, vile vidogo vilikuwa vimefika karibu nusu ya bei ya mashine.

Lakini maji yalitoka! Mume wangu ndiye aliyeoga wa kwanza, akakaa bafuni akiimba nyimbo za kanisani kwa Kikikuyu, akatoka masikio mekundu. Watoto wakapanga foleni. Nikajipiga kifua. Nikampigia mama simu nikamwambia ajiandae, Jumamosi anafuatwa, aje na nguo za mwezi mzima.

Alikuja na kuku mmoja na gunia la viazi vitamu, nguo zikiwa kwenye mfuko mdogo wa plastiki. Mume wangu alimsalimu akiwa barazani, naye akaitikia akiwa karibu na lango, macho chini, kama walivyosalimiana siku zote. Kisha mume wangu akaenda shambani. Mimi sikungoja hata chai. Nikamshika mama mkono mpaka bafuni, nikafungua mfereji.

Mvuke ukapanda. Akanyoosha mkono, akaweka vidole chini ya maji, akaviacha hapo. Niliviona vikifunguka, kimoja kimoja. Naapa niliviona.

"Ni maji mazuri," akasema.

"Basi oga. Taulo hii hapa."

Akaondoa mkono. Alikuwa akitazama wembe wa kunyolea ndevu kwenye rafu, na kandambili kubwa za mume wangu ukutani, na shati lake kwenye msumari.

"Hapa ndiyo mkwe wangu anavua nguo?"

"Mama, bafu ni moja. Sote tunaoga hapa."

"Nyinyi, ndiyo. Mimi nivue nguo mahali mkwe wangu anavua? Nikanyage maji yake?"

Nilipokuwa mtoto, bibi yangu alikuwa akiona mume wa shangazi anakuja njiani, anajitosa kwenye mahindi hadi apite. Tulicheka sana. Mama mkwe na mkwe kwetu hawashikani mikono, hawali meza moja, hawaketi karibu. Yote hayo nilikuwa nayajua. Lakini nilidhani yalizikwa na bibi. Mama yangu ni mtu wa kanisa, ana simu ya kisasa, anajua kutuma picha.

"Mama, mambo ya kale hayo! Wewe si ni Mkristo?"

"Kanisa haijasema nioge kwa mkwe," akajibu, wala hakukasirika. "Hata kulala, sijawahi kulala kwa hii nyumba. Hukuona?"

Nikajaribu kukumbuka. Alikuja nilipojifungua mara zote tatu. Alikuja nilipofanyiwa upasuaji. Kila mara alifika asubuhi na kuondoka kabla ya jioni, na miaka yote hiyo mimi nikidhani anawahi kukama ng'ombe.

Nilimfokea. Naona aibu kuandika hivyo lakini nilimfokea, nikamtajia mtamba, nikamtajia mabomba na simiti, kana kwamba yeye ndiye aliyeniagiza. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaomba apelekwe nyumbani. Saa tisa alikuwa ameshaondoka, hajaoga, na viazi vitamu vimebaki jikoni kwangu.

Nilimsimulia mume wangu aliporudi, nikitarajia acheke. "Kwetu mama mkwe angeoga halafu aulize sabuni nyingine iko wapi," akasema. Akavua viatu vya shambani. "Lakini kuuliza si ujinga, na sisi hatukuuliza." Alisema sisi. Yeye alikuwa amesema tangu mwanzo niongee na mama kwanza, lakini alisema sisi, na kwa hilo nilimpenda upya.

Wiki nzima nilizunguka nyumba ile kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kujenga bafu lingine uani kwetu? Angeoga, lakini angelala wapi? Kumnunulia hita ndogo ya bei nafuu? Fundi alisema stima ya Bumula jioni hupungua mpaka balbu inakuwa kama kiini cha yai, hita haiwezi. Na kila jioni nilipofungua ule mfereji nilijua kwamba saa hiyo hiyo mama yuko jikoni kwake anainama juu ya sufuria. Sikuweza kuoga kwa raha. Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo. Nikamwambia fundi aing'oe mashine, aipeleke Bumula.

"Madam," akasema, "hii mashine inatembea kunishinda."

Mtamba wa pili akaenda Chwele. Safari hii palihitajika bafu lenyewe, la matofali, kando ya nyumba ya mama, na nguzo za tangi, na sakafu nyingine, na waya mwingine, na kifaa cha kulinda mashine stima inapopungua. Niliporudi dukani kukinunua, mzee alinikumbusha kwamba alikuwa ameniambia kufunga ni bei nyingine.

"Hukuniambia ni mara mbili," nikamjibu.

Mume wangu ndiye aliyeleta simiti kwa pikapu ya kukodi. Alisimama nje ya lango, akapakua mifuko huko huko nje, hakuvuka ua hata hatua moja. Hakuna aliyemwelekeza. Mama akamtengenezea chai, nikampelekea mimi, akainywa akiwa ameegemea pikapu.

Siku ya kumaliza, fundi akawasha, tukangoja maji yashike moto. Nilikagua swichi mara sijui ngapi. Mama akachukua sabuni, akaingia, akafunga komeo. Nikasikia maji yakianza kumwagika. Nikaenda nikatazama mashine, feni inazunguka. Nikarudi. Nikaenda tena. Maji bado yanamwagika, na ndani kimya. Nikafikiria magoti yake, na sakafu mpya, na utelezi.

"Mama, uko sawa?"

Nikagonga mlango.

"Mama! Umeanguka?"

"Niko."

"Maji yamepoa?"

"Ni ya moto."

"Basi toka! Utashikwa na homa na upepo huu."

Maji yakaendelea kumwagika. Kisha akasema, polepole, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake:

"Wacha kwanza, msichana wangu. Tangu niolewe, sijawahi oga mpaka mimi mwenyewe niseme imetosha."

Tulikuwa watoto saba, na baba, na sufuria moja ya maji. Alituogesha mmoja mmoja, na yeye akaoga mwisho, kilichobaki. Sikumbuki hata siku moja nikiuliza kilichobaki kilikuwa kiasi gani, au kama kilikuwa bado na moto.

Nikakaa chini kwenye mchanga wa fundi, taulo ya mama mapajani, nikalia. Sikubisha tena.