Mtani wa Mama

Mama yangu aliswali swala tano, na mtani wake mkubwa alikuwa padre Mbenediktini.

Mzee yule, Mzungu, alikuja enzi za Mwingereza, akaanza kufyatua matofali ya monasteri katika pori la nyuma ya kijiji chetu cha Mzenga, mahali ambapo sisi tuliogopa hata kuokota kuni. Alitokea Tabora, alikokaa miaka mingi. Siku ya kwanza alipokuja kwetu kuomba pingili za muhogo, mama alimwambia kwamba mwanamume asiye na mke hawezi kilimo. Akajibu palepale, "Mimi Mnyamwezi. Nyinyi Wazaramo watani zangu. Wewe mwenyewe mvivu, unalima kwa mdomo!"

Basi, yakaisha. Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za misafara, na mtani hakasirikiwi. Mama alimnyang'anya kofia yake ya ukili mchana kweupe, naye akawa anaingia jikoni kwetu na kufunua chungu bila hodi. Kanisa likapata paa, kengele ikaanza kutuamsha sote, Waislamu kwa Wakristo. Tuliilalamikia sana kengele ile. Leo ningetoa chochote niisikie.

Alipofariki, monasteri ilikuwa mikononi mwa padre kijana, mgeni kutoka Ulaya, aliyetaka maziko ya kimya. Mama hakutulia. "Mtu akizikwa bila mtani, kafa mgeni," aliniambia. "Na huyu si mgeni hapa."

Nikamsindikiza huku nikiona aibu, mimi mtu mzima mwenye watoto. Jeneza lilipokaribia kaburi, mama alivaa ile kofia, akachechemea vilevile alivyokuwa akichechemea marehemu, kisha akajilaza njiani.

"Hapiti mtu! Mnyamwezi huyu ananikimbia, na shamba langu hajalipalilia!"

Watawa wakaduwaa na jeneza lao mabegani. Padre kijana akawa mwekundu. "Mama, unataka nini?"

"Nitukane. Yeye angenitukana."

Nilitamani ardhi inimeze. Padre alitazama jeneza, akasema polepole kwa lafudhi ya kwao, "Ondoka hapo, Mzaramo mvivu. Unalima kwa mdomo."

Kumbe mzee alikuwa akiwasimulia watawa wenzake utani ule mezani.

Mama alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akainuka, akampisha mtani wake, na hapo ndipo alipoanza kulia.