Barua Mia Nne za Karani

Kila mwisho wa muhula karani wa chuo huzifungua barua mia nne za matokeo, moja moja, na kuzigeuza kuwa PDF, kifundo cha mkono kimefungwa kitambaa kwa maumivu ya kubonyeza. Mwaka fulani alimpa mwanafunzi matokeo ya mwenzake; tangu hapo, kila akibonyeza, hutaja jina na kumuaga mwenye barua: "Haya, mwanangu, nenda." Leo fundi wa kompyuta amemwandikia makro, maagizo ya kuzigeuza zote kwa mpigo. "Bonyeza hapo tu, mama. Kila barua itatoka na jina lake." Akabonyeza, jicho moja amelifumba. Majina yakapita mbio. "Haya, nenda. Haya, nenda. Haya…" Ulimi ukashindwa. Akacheka hadi machozi, akakifungua kile kitambaa mkononi, akakipunga mbele ya kioo cha kompyuta: "Haya, nendeni nyote, wanangu!"